Kikao cha Wahitimu na Vijana Watafuta Kazi Mjini Lamu: Namna ya Kukiandaa

Mwongozo huu ni wa wahitimu wa chuo kikuu chochote wenye asili ya Lamu, au wanaofanya kazi katika kaunti hii, ambao wamekubaliana kuwakutanisha wanafunzi na vijana waliomaliza masomo karibuni na watu waliowatangulia kazini. Kwa nini jambo hilo ni jema sitaeleza, kwa kuwa anayetafuta namna ya kulifanya ameshajiridhisha. Nitaeleza linavyofanyika, nikitegemea vikao vitatu nilivyoviandaa pamoja na wenzangu nikiwa katibu wa kamati, ambavyo cha kwanza kilituaibisha.

Katika kikao hicho cha kwanza tulimwalika mgeni rasmi mwenye cheo, tukapamba ukumbi, tukachapisha fulana. Mgeni alitarajiwa saa tatu asubuhi, akafika saa tano na dakika ishirini, akahutubu kwa saa nzima juu ya umuhimu wa elimu mbele ya vijana ambao tayari walikuwa na shahada mikononi. Mshereheshaji alipotangaza kwamba sasa ni zamu ya maswali, vijana kumi na mmoja waliotoka Faza na Kizingitini walikuwa wameshasimama, kwa sababu maji yalikuwa yanakupwa na nahodha wao alikuwa amemtuma mtoto kuja kuwaita. Waliosafiri mbali kuliko wote waliondoka bila kuuliza hata swali moja. Tangu siku hiyo kamati yetu haimwaliki mgeni rasmi, na kila tunalopanga, tangu tarehe hadi mpangilio wa viti, hulifuata swali la kijana badala ya swali la kijana kulifuata jambo jingine.

Kuyakusanya maswali

Kazi hii ianze miezi miwili kabla ya siku yenyewe. Karatasi ya usajili isizidi ukurasa mmoja, na iulize mambo matatu tu: kijana amesoma nini na amefikia wapi, anataka kufanya kazi gani, na ni jambo gani moja ambalo akilijua leo atalitumia wiki ijayo. Hilo la tatu ndilo lenye uzito. Wengi watalijibu kwa maneno mapana, kwamba wanataka kujua fursa zilizopo au namna ya kufaulu maishani, na jibu la namna hiyo halimwonyeshi mtu yeyote pa kuanzia. Basi mwanakamati mmoja apewe kazi ya kuwapigia simu mmoja mmoja na kuzungumza nao mpaka swali lipate umbo. Kijana mmoja aliyeandika kwamba anataka kufanya kazi bandarini alizungumza na mwenzetu kwa dakika kumi, na mwisho swali lake likawa hili: mtu mwenye shahada ya biashara, asiye na cheti chochote cha ubaharia, aanzie kwa mawakala wa forodha au asubiri matangazo ya mamlaka ya bandari? Swali hilo tulimpata mtu wa kulijibu. Lile la kwanza lingeishia kwenye hotuba.

Usajili usifanywe kwa WhatsApp pekee. Kaunti ya Lamu si kisiwa cha Amu, penye mji wa Lamu, tu: wapo vijana wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, wapo wa Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu, na wapo Waboni wa upande wa Basuba, ambao ni wachache vyuoni na ndio rahisi zaidi kusahauliwa kwa sababu hawamo katika vikundi vya simu vya watu wa mjini. Karatasi zipelekwe kwa walimu wa shule za upili walikosoma, kwa maimamu na wachungaji, na kwa machifu. Anayeipokea aelezwe kwamba kijana hahitaji kuwa amehitimu chuo kile kile cha waandaaji. Sisi tulianza kwa kuwataka wa chuo chetu pekee, tukagundua kwamba katika kaunti yenye wahitimu wachache kubaguana kwa vyuo ni anasa tusiyoimudu. Chuo kimoja kinaweza kuwa mwenyeji, lakini viti viwe vya wote.

Maswali yakishafika, yagawanyeni mafungu kabla ya kumwalika mhitimu hata mmoja. Fungu kubwa zaidi, kinyume na tulivyodhani, halikuwa la kutafuta nafasi bali la hati. Anayeomba kazi ya umma nchini Kenya aghalabu hutakiwa kuonyesha kwamba ametimiza masharti ya maadili yaliyomo katika Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, na uthibitisho wake hutoka mahali patano tofauti: cheti cha maadili mema cha Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho huhitaji alama za vidole, cheti cha ulipaji kodi cha Mamlaka ya Ushuru, kibali cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, kibali cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na ripoti ya shirika la taarifa za mikopo. Kila kimoja kina muda wake, na kijana anayeambiwa habari hizi siku tano kabla ya tangazo la kazi kufungwa ameshachelewa. Meza ya hati haihitaji mtu mkubwa. Inahitaji mtu aliyezifuata hati hizo mwaka uliopita, akiwa amezibeba zote katika bahasha, ili vijana wazishike, wazione zilivyo na waandike zilikopatikana.

Katika meza hiyo hiyo liwekwe suala la mkopo, ambalo vijana huliogopa na kwa hiyo hulinyamazia. Aliyekopeshwa na Bodi hutakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekaa kimya hutozwa adhabu ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo huendelea kujilimbikiza juu ya deni lenyewe. Nimekutana na zaidi ya mmoja aliyeamini kwamba kwa kuwa hajapata kazi, Bodi haina habari naye. Mhitimu wa kuzungumzia jambo hili awe ni yule aliyewahi kuiandikia Bodi akieleza kwamba hana kazi, aonyeshe barua aliyoandika, na aeleze alivyojibiwa.

Fungu la pili ni la wale ambao shahada yao si mwisho wa njia, na baadhi yao hawajui. Aliyesoma sheria bado ana Chuo cha Sheria cha Kenya, mitihani yake, na miezi sita ya kufundishwa kazi chini ya wakili kabla ya kukubaliwa kuwa wakili. Mhandisi husajiliwa kwanza na Bodi ya Wahandisi akiwa mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kupanda daraja. Mwalimu hawezi kuajiriwa bila namba ya Tume ya Kuwaajiri Walimu. Kila njia iwe na mtu wake. Msimwombe daktari amshauri mhasibu kwa sababu tu daktari ndiye aliyekuwapo.

Fungu la tatu ni la nafasi ya kwanza: uanagenzi wa miezi 12 unaosimamiwa na Tume ya Utumishi wa Umma, nafasi katika hoteli za Shela na mashirika ya uhifadhi wa bahari, na kazi zilizofuatana na bandari mpya ya Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Hapa wahitimu hupenda kutabiri. Wazuieni. Mtu aeleze aliyoyaona yeye: tangazo lilitoka mwezi gani, aliomba namna gani, aliulizwa nini kwenye usaili.

Na lipo fungu la nne ambalo halikuandikwa waziwazi lakini lilisomeka baina ya mistari, nalo ni la wanaoamini kwamba Lamu hupati kitu mpaka umjue mtu. Kwa imani hiyo kijana huja kikaoni akitafuta jamaa, naye mhitimu huja akiwa na hofu ya kuombwa asichoweza kutoa, na wawili hao wakikutana hakuna anayesema jambo la maana. Waandaaji walitamke jambo hili mapema, kwa maandishi, kwa pande zote mbili: kazi za serikali ya kaunti hutakiwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 zitangazwe na zishindaniwe kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa hiyo mhitimu haombwi kazi; anaombwa maarifa. Tulipoliweka sharti hilo katika barua za mwaliko, wahitimu waliokuwa wakitukwepa walikubali.

Kuwaalika wahitimu

Ofisi ya chuo inayoshughulikia wahitimu ina majina na anwani, lakini isiombwe kuwapa orodha ya namba za simu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaibana. Andikeni ujumbe wenu, muiombe ofisi iutume kwa wahitimu wenye asili ya Lamu, na anayetaka atajibu mwenyewe. Njia hii ni ya polepole, nasi ilituletea watu wanane tu, lakini wote wanane walifika siku ya siku. Wengine mtawapata kwa njia ya kawaida ya mji wetu, yaani kwa kuuliza mtoto wa nani yuko wapi.

Mhitimu mmoja atoshe vijana watano au sita. Katika kuchagua, mpeni kipaumbele aliyemaliza miaka mitatu hadi saba iliyopita kuliko aliyemaliza miaka ishirini na mitano iliyopita. Wa kwanza anakumbuka jina la fomu. Wa pili anakumbuka kwamba zamani kazi zilikuwa zikimfuata mtu nyumbani. Hata hivyo wazee wawili watatu wawepo, si kwa sababu ya adabu peke yake, bali kwa kuwa wao ndio wanaojua ofisi gani inafunguliwa na nani na barua ya aina gani haisomwi.

Ujumbe wa mwaliko uwe mfupi na useme wazi kinachotakiwa. Huu ni mmoja tulioutumia:

"Assalaam alaykum, dada. Mimi ni katibu wa kikao cha wahitimu kitakachofanyika katika Ngome ya Lamu, Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Twakuomba uketi meza moja na vijana watano wanaotaka kuingia katika kazi ya maabara. Hatukuombi hotuba, mchango wa pesa wala nafasi ya kazi. Maswali yao matano yako hapa chini. Kama liko usiloweza kulijibu, nijulishe nimtafute mwingine. Nauli ya boti kutoka Mokowe tumekutengea."

Salamu ibadilishwe kulingana na anayeandikiwa, na mtu mzima aitwe kwa jina analoitwa na watu, awe Mwalimu, Bwana Injinia au Sharifu. Ni jambo dogo, lakini mzee mmoja alikataa mwaliko wetu wa kwanza kwa sababu tu aliandikiwa kama anayedaiwa.

Ubayana wa maswali ndio unaomleta mhitimu. Aliyeyasoma maswali matano wiki mbili kabla huja na majibu, na mara nyingine huja na karatasi ambazo hakuombwa. Aliyeambiwa tu kwamba "aje azungumze na vijana" huja na nasaha.

Tarehe, na maji

Tarehe ya kikao cha namna hii Lamu huchaguliwa kwa kalenda nne: ya vyuo, ya Kiislamu, ya makanisa na ya bahari. Siku ya nne au ya tano baada ya Idi ya Mfungo Mosi hufaa sana, maana wahitimu wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi huwa wangali nyumbani na nyoyo zimetulia. Desemba huwarudisha zaidi wa Mpeketoni na Witu. Maulidi ya Mfungo Sita huujaza mji, na kamati nyingi hushawishika kuyatumia, lakini nyumba za wageni huwa zimejaa, boti zimeshakodiwa, na watu wamekuja kwa jambo jingine, yaacheni. Ijumaa na Jumapili hazifai kwa sababu zinazojulikana. Inabaki Jumamosi.

Kisha mwulizeni nahodha. Wakati wa maji kujaa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, na kwa hesabu hiyo likipita juma moja saa ya maji kujaa huwa imegeuka kuwa karibu na saa ya maji kukupwa. Boti za Pate na Faza hupita Mkanda, mkondo mwembamba ulio baina ya Manda na bara, ambao maji yakipwa haupitiki kwa boti yenye abiria wengi. Kwa hiyo Jumamosi inayowafaa vijana wa Pate si ile ile inayofuata, na kamati iliyokwisha kuchapisha mabango kabla ya kuuliza maji itakuwa imeamua, bila kujua, kwamba vijana hao wasije. Sisi siku hizi huchagua Jumamosi mbili zinazofaa kwa kalenda nyingine zote, tukamwachia nahodha achague kati ya hizo, na akishachagua huandika katika tangazo lenyewe saa ambayo boti itang'oa nanga kurudi. Saa hiyo ndiyo mwisho wa kikao. Hakuna anayeweza kubishana nayo, hata mwenye cheo.

Anayekuja kwa basi kutoka Mombasa hutumia sehemu kubwa ya siku kufika Mokowe, kisha kuna boti ya kuvukia Amu, kwa hiyo atafutiwe pa kulala usiku wa kuamkia kikao. Usilipe hoteli. Wanaamu wakiombwa mapema kumpokea mgeni wa usiku mmoja hawakatai, na mazungumzo ya usiku huo mara nyingi huzaa kuliko ya mezani. Chifu na kituo cha polisi wajulishwe kwa barua wiki moja kabla; ni utaratibu wa dakika tano unaowaondolea wageni maswali gatini.

Mahali na viti

Sisi hutumia Ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na ikawa gereza hadi 1984, kabla ya kukabidhiwa Makumbusho ya Kitaifa. Huombwa kwa maandishi, ina ua mpana, ina maktaba ya kukaa wenye mazungumzo ya faragha, na kila mtu anajua ilipo, jambo ambalo katika mji wa vichochoro si la kupuuzwa. Viti vya kukodi huletwa kwa mkokoteni au punda, kwa hiyo hamali apewe ahadi na malipo nusu tangu juzi yake. Mkikosa Ngome, ukumbi wa shule unatosha kabisa.

Pasiwe na jukwaa. Pasiwe na kipaza sauti, kwa kuwa penye kipaza sauti hapakosi mwenye kukililia. Viti vya kila meza vipangwe duara, na meza ziachane kiasi cha kwamba wa meza moja hawasikii ya jirani. Tulipokuwa tukilifikiria suala hili, mwenzetu mmoja alipendekeza tufanye kikao nje, kwenye baraza za Usita wa Mui, akisema kwamba mji wetu ulishabuni zamani namna ya watu wachache kukaa na kuzungumza kwa utulivu. Alikuwa na haki kuhusu idadi ya watu na namna ya kukaa, lakini baraza zile ni za wanaume, na mabinti waliosajiliwa walikuwa zaidi ya nusu. Tulichukua umbo la baraza tukaliingiza ndani.

Juu ya mabinti niongeze jambo moja. Katika meza zilizochanganyika baadhi yao walikaa kimya hata maswali yao yalipofikiwa. Mwaka uliofuata tuliweka meza mbili zenye wahitimu wanawake, tukaziacha wazi kwa anayetaka bila kumlazimisha yeyote, na zikawa ndizo zilizochelewa kuvunjika. Meza hizo zisiwe za "mambo ya wanawake." Mmoja wa wahitimu walioziongoza alikuwa mhandisi wa umeme, na kilichozungumzwa kilikuwa umeme.

Siku yenyewe

Dua na makaribisho yachukue dakika kumi. Kisha mizunguko miwili ya mezani, kila mmoja dakika arobaini. Mapumziko ya nusu saa. Mzunguko wa tatu wa dakika arobaini. Na dakika ishirini za mwisho kwa ajili ya daftari, ambalo nitalieleza. Mkianza saa tatu kamili mtamaliza saa sita, kabla ya adhana ya adhuhuri. Msimsubiri mtu.

Kila meza iwe na mwenye meza, ambaye si mhitimu bali ni mwanakamati au mwanafunzi mkubwa. Kazi yake ni kutunza saa na kuyasoma maswali kutoka kwenye karatasi, bila kutaja ni la nani. Jambo hili ndilo lililobadilisha zaidi vikao vyetu. Kijana wa Lamu aliyelelewa vyema hamhoji mtu anayemwita ami au mwalimu. Atainamisha kichwa, atashukuru, na atarudi nyumbani na swali lake. Likisomwa na mtu wa tatu, swali linakuwa la meza nzima, na mwenyewe akishasikia nusu ya jibu hujikuta anaongeza la pili kwa kinywa chake. Kwa sababu hiyo hiyo kijana asiwekwe meza moja na mjomba wake. Orodha ya meza ipitiwe na mtu anayezijua nasaba za mji, kwani katibu peke yake hawezi kujua nani ameoa kwa nani.

Wahitimu waonywe mapema juu ya maneno mawili. La kwanza ni "usikate tamaa," ambalo halina madhara wala faida. La pili ni "niletee wasifu wako, nitaona," ambalo lina madhara makubwa, kwa sababu kijana atauleta, kisha atasubiri miezi sita akiamini kwamba kuna anayeona. Mwenye nia ya kusaidia aseme jambo dogo lenye tarehe: nitausoma wasifu wako na kukurudishia masahihisho kabla ya tarehe kumi, njoo ukae siku moja kwenye maabara yetu Jumanne, nitakutumia tangazo la mwaka jana ulione lilivyo. Kusoma wasifu kwenyewe kusifanywe mezani. Kunakula muda, na makosa ni yale yale: kurasa nyingi, kazi za kujitolea zilizofichwa mwishoni, na wadhamini ambao hawajaulizwa kama wanaridhia kutajwa.

Mapumziko yasifupishwe kwa hali yoyote. Kahawa ya tangawizi, mahamri na viazi karai vyatosha, na viwekwe mahali pamoja ili watu wasimame karibu karibu. Wateuliwe watu wawili wanaojulikana na kila mtu, kazi yao ikiwa ni kumshika mkono aliyesimama peke yake na kumfikisha kwa mhitimu wa meza ambayo hakuketi, wakimtaja kwa jina, alichosoma na anachouliza. Wajulishaji wetu bora walikuwa mwalimu mstaafu na bibi mmoja mpishi wa harusi, ambaye hakuwahi kufika chuo kikuu na aliyemjua kila aliyekuwamo uani.

Pesa

Kinachokula pesa ni petroli ya boti. Chakula ni kidogo, viti ni vidogo, na fulana si lazima. Kila mhitimu achangie kiasi kimoja kisichomuumiza, malipo yapitie namba moja ya M-Pesa yenye watu wawili wa kuikagua, na hesabu isomwe mbele ya wachangiaji wote kabla ya wiki kuisha. Kijana asilipe. Mwanasiasa akijitolea kulipia boti, ashukuriwe, na aombwe aje kama mtu mwingine yeyote. Kama sharti lake ni kusema machache, gharama imepanda mno.

Daftari la ahadi

Katika dakika ishirini za mwisho kila mwenye meza huandika katika daftari safu nne: jina la kijana, alichoahidi mhitimu, alichoahidi kijana mwenyewe, na tarehe. Ahadi ya kijana isisahauliwe. Yule anayeahidiwa kusomewa wasifu aahidi siku ya kuutuma, na namba za simu zibadilishwe pale pale, kwa ridhaa ya pande zote mbili, si kwa kunakiliwa kutoka orodha ya kamati.

Kabla hawajapanda boti, vijana waandike ujumbe wao wa kwanza wakiwa bado wamekaa, kwa kuwa wakishafika nyumbani haya itawashinda. Huu unatosha: "Assalaam alaykum, kaka. Ni mimi niliyeketi meza yako leo, niliyesoma uvuvi na ufugaji wa samaki. Nashukuru kwa maelezo juu ya leseni. Wasifu wangu nitautuma Jumatatu kama tulivyoagana." Hauna ombi jipya ndani yake, na hilo ndilo linalomfanya mhitimu aujibu.

Baada ya wiki mbili katibu awapigie simu vijana wote, si wahitimu, aulize ahadi zimefikia wapi. Aliyekawia akumbushwe kwa upole, aghalabu huwa ni shughuli. Baada ya miezi mitatu wapigiwe tena, na majibu yao ndiyo yapange meza za mwaka unaofuata. Kwa majibu hayo sisi tuliigawa meza ya hati kuwa mbili, tukaifuta meza ya masomo ya ng'ambo iliyokuwa imejaa watu na haikuwa imezaa hata ombi moja, tukaanzisha ya wanaotaka kujiajiri katika ujenzi na ukarabati wa nyumba za mawe. Mhitimu aliyeahidi mara mbili asitimize, apelekewe salamu za Idi lakini asipewe meza.

Daftari hukaa kwa katibu, si kwenye kikundi cha WhatsApp. Mwaka ukiisha, kurasa zenye namba za wale ambao hawakuridhia kuendelea kupigiwa huchanwa na kuchomwa, na daftari jipya hufunguliwa kwa ukurasa wa kwanza wenye tarehe mbili za Jumamosi, zikimsubiri nahodha.